Fundi Aliyewekewa Koki Kichwani

Biryogo nzima, hapa Kigali, ilimwita Fundi, nami sitamwita vinginevyo. Mafundi wamejaa katika vichochoro vile, kila mlango wa pili una cherehani, lakini ukisema "kwa Fundi" bila kuongeza neno, motari wa pikipiki alikushusha mbele ya kibaraza chake chenye rangi ya kijani iliyobanduka. Jina lake la kitambulisho nililiona mara moja tu, limebandikwa kwenye kitanda cha hospitali, nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyemkuta mzee wake hajavaa shati.

Niseme na mimi ni nani, ili msomaji ajue anayemsimulia si mtu wa kubahatisha. Nina maduka matatu ya spika na redio za magari. Nusu ya harusi za mji huu, watu wanacheza kwa spika nilizoziingiza mimi. Dubai nimekwenda mara sita, Guangzhou mara nne, na kote huko nimefanya biashara kwa mdomo wangu mwenyewe bila mkalimani, ingawa shule niliiacha darasa la tano kule Buyenzi, Bujumbura. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Lakini kabla ya spika ya kwanza nilikuwa mbeba mizigo kwenye stendi ya Nyabugogo, mwanaume wa miaka ishirini na mitatu mwenye shingo nene, na aliyenitoa kwenye mizigo ni Fundi.

Alikuja siku ya mvua kuchukua jora la kitambaa cha suti. Nililibeba kwa miguu mpaka Biryogo, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika alilipapasa lote, ncha hadi ncha. Lilikuwa kavu.

"Ulilifunika na nini?"

"Na shati langu, Mzee."

Akanitazama maji yananitiririka kifuani. "Na wewe je?"

"Mimi nitakauka."

"Kesho uje upige pasi," akasema, akaingia ndani.

Basi, ndivyo nilivyoajiriwa. Nilikaa kwake miaka saba, na mpaka leo hakuna mtu Kigali anayelaza mkunjo wa suruali kama mimi. Mke wangu, ambaye hanikubali kwa mengi, hilo analikubali.

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Fundi ni kwamba hakuwa na haraka ya kupima. Mteja aliingia, akasimama katikati ya chumba, kifua mbele, tumbo ndani, kama anapigwa picha ya pasipoti. Fundi alimwacha. Alimuuliza habari za mama yake, za mafua ya watoto, za mpira wa jana. Alimwagizia chai ya tangawizi kutoka mkahawa wa jirani. Robo saa ikipita, mabega ya yule mtu yalishuka, tumbo likarudi mahali pake, goti moja likalegea. Hapo ndipo Fundi alipoinuka na futi.

"Simama hivyo hivyo," alisema. "Huyu ndiye atakayevaa."

Vipimo hakuviandika. Mafundi wengine walikuwa na madaftari yenye majina na namba. Yeye alikuwa na kichwa. Mteja mmoja alipotelea Goma miaka mitatu, siku aliporudi Fundi alimtazama toka mlangoni tu, akamwambia, "Kiuno kimeongezeka vidole viwili. Na bega la kulia limeanguka. Ulikuwa unabeba nini huko?" Yule bwana akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amezaa, na mtoto hakukubali kulala ila begani mwa baba.

Pini aliziweka mdomoni, sita kwa mpigo, kwenye pembe ya kulia ya midomo, na aliongea nazo humo humo. Alisalimia nazo, aligomba nazo, aliimba nazo kwa pua. Alizitoa kwa mambo mawili, chakula na swala. Ukimwona anazitoa kwa jambo la tatu, ujue limeharibika. Kwangu alizitoa mara moja. Nilikuwa nimeunguza kola ya shati jeupe nikalisukuma chini ya rundo la nguo. Alilivuta, akalitazama, akazichomeka pini kwenye kimto chake moja baada ya nyingine, zote sita, pole pole.

"Kuunguza ni kazi," akasema. "Kuficha ni nini?"

Nikatazama pasi.

"Nakuuliza wewe, Bosi. Kuficha ni nini?"

Bosi ndilo jina alilonipa wiki ya kwanza, kwa sababu kila nikishika pasi nilikuwa namhesabia maduka nitakayofungua. Alilitamka kama mtu anavyotamka jina la ugonjwa mdogo. Leo nina maduka hayo, na bado nikiitwa bosi na wafanyakazi wangu nasikia pasi inanuka.

Alikuwa na maneno yake ya dukani. Mteja akisema, "Nishonee ya kubana, nitapungua," alijibu, "Ukipungua urudi. Usipopungua, tusalimiane barabarani tu." Mwanamke aliyeleta picha ya gauni kwenye simu aliulizwa, "Na huyu aliyelivaa umemleta?" Msela aliyetaka suruali ya kushuka chini ya makalio alipimwa kwa heshima zote, akashonewa suruali ya kukaa kiunoni, akaambiwa, "Hiyo nyingine utaishusha mwenyewe, si kazi ya fundi."

Watu waliomjua kijuujuu walidhani ni mtu mkavu. Alikuwa amejaa migongano, na mimi niliyeishi nayo naweza kuitaja. Alichukia caguwa, hizi nguo kuukuu zinazotoka Ulaya, kuliko alivyochukia panya. Alisema zimeua mikono ya mji mzima. Lakini koti lake la Idi, lile la kijivu ambalo watu walilisifia msikitini, lilikuwa la caguwa. Alilinunua kwa siri, akalifumua lote mpaka bitana, akalisoma lilivyoshonwa, akalishona tena. Kisha akalifumua tena. Mara tatu, nakwambia, na mara ya tatu alilivaa. "Sasa ni langu," aliniambia, na nikakatazwa kumwambia mtu. Unisamehe, Fundi; imepita miaka mingi.

Alikuwa mtu wa wakati. Mfanyakazi akichelewa alimkuta Fundi amekaa kwenye kiti cha huyo mfanyakazi, anafanya kazi yake, hasemi kitu. Lakini nguo za Idi hakuwahi kuzimaliza kabla ya Idi hata mara moja. Kila mteja aliambiwa "kesho baada ya alasiri," na kesho hiyo ilihamahama mpaka mwezi ukaandama, na bado watu walirudi mwaka uliofuata, wakalalamika kwa raha, kama sehemu ya sikukuu. Mimi ni Mkatoliki. Kila Noheli nilikuta shati jipya limetundikwa kwenye msumari wangu. Hakusema Noheli njema, ng'o. Alisema, "Sikukuu yenu hiyo," akageuka kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika.

Nilipomuaga nikaanze biashara ya redio, hakuniombea dua wala hakunikasirikia. Aliuliza, "Unajua kutengeneza hizo redio?" Nikasema nitajifunza. "Usiuze kitu usichojua kukifungua," akasema. Nilijifunza. Nilifungua spika za watu mpaka nikajua kila waya, na ndiyo maana niko hapa nilipo. Wengi walioanza nami walijua kuuza tu, leo sijui wako wapi.

Nilimtembelea kila mwezi. Mkewe alikwishafariki, binti yake Zubeda alikuwa ameolewa na kuhamia Batsinda, na yeye alikataa kuhama Biryogo. Basi niliweza kuona mabadiliko kuliko watu waliomwona kila siku. Yalianza miguuni. Alikuwa akitembea kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa rangi asubuhi ile, hatua fupi, nyayo hazinyanyuki.

"Miguu inanata," alisema. "Iko kama kuna gundi."

Kisha vipimo vikaanza kutoroka. Mteja aliyemshonea miaka ishirini alisimama mbele yake, naye akampima mara mbili kwa siku moja, akimuuliza jina. Alikata mikono miwili ya koti, yote ya kushoto. Kisha ikaja ile ya aibu, kwamba haja ndogo haikumsubiri. Alianza kukaa karibu na mlango wa uani, na akawa hanywi chai. Majirani walisema ni uzee. Wengine walisema ni jini wa nyumba ya zamani. Mimi nilisema ni uzee, na mimi nikisema kitu huwa nakisema kwa nguvu.

Zubeda hakusikiliza yeyote kati yetu. Alimpeleka kwenye sikaneri, na daktari akawaonyesha picha. Ubongo, alieleza, unaogelea katika maji yake, na maji hayo hutengenezwa na kuondoka kila siku. Kwa Fundi yalikuwa hayaondoki sawasawa. Yamejaa ndani, yanasukuma, na yanaposukuma yanabana miguu, kumbukumbu na mkojo. Huo si uzee. Kuna dawa yake, nayo ni mrija.

Ndugu walishirikiana, na mimi nilikuwamo, tena mstari wa mbele, akapelekwa India pamoja na Zubeda. Siku aliporudi tulikuwa watu kumi na wanne uwanja wa ndege wa Kanombe, tumekuja na kiti cha magurudumu cha kuazima. Alitoka anatembea. Anatembea, nakwambia, anasukuma mkokoteni wa mizigo mwenyewe, kisigino kinagonga, kidole kinafuata. Alikitazama kile kiti akauliza, "Mnamngoja mgonjwa gani?"

Wiki ile ile alitueleza operesheni kibarazani, kwa chaki, juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Alichora kichwa. Hapa wametoboa. Mrija unaingia kwenye maji, unatoka, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio la kulia, unashuka shingoni, kifuani, unamwaga tumboni. Na hapa, nyuma ya sikio, wameweka koki inayoamua maji yapite mengi au machache.

"Na wakitaka kuifungua zaidi?" mtu akauliza. "Wanakupasua tena?"

"Hapana. Wanaweka kimashine juu ya ngozi, inageuka yenyewe. Mimi niko na fundi bomba ndani." Kisha akainamisha kichwa tuone kovu. "Mishono kumi na mmoja. Haikunyooka. Lakini inashika."

Siku chache baadaye aliniita ndani, akafunga mlango, akafungua droo ya cherehani. Alitoa karatasi iliyokunjwa, ndefu, Kiingereza kitupu, na kadi ndogo yenye namba.

"Hizi nilipewa huko siku ya kutoka. Zubeda anajua za vidonge tu. Nikimpa hii, atakuta humo neno la kunizuia kushona, anifunge Batsinda. Wewe umetembea dunia. Nisomee."

Sasa hapa naandika jambo ambalo sikuliandika popote wala sikulisema kwa miezi mingi. Kiingereza changu ni cha mdomo. Ni cha sokoni. Najua namba, najua "last price", najua majina ya spika. Karatasi ile ilikuwa na mistari kama mvua. Ningesema, "Fundi, siwezi, tumwite mtu." Ilikuwa sentensi fupi tu. Lakini alikuwa ananitazama vile alivyokuwa hajawahi kunitazama, kama mtu anayenihitaji, na mimi nilikuwa nimesubiri miaka ishirini kutazamwa hivyo na mzee yule. Nikapitisha kidole juu ya mistari. Nikakohoa.

"Inasema upumzike vizuri. Unywe maji. Usiinue vitu vizito. Ukisikia homa, urudi kwa daktari."

"Kushona?"

"Kushona hawajataja."

"Na hii picha?"

Chini kulikuwa na mchoro wa kitu kilichopinda, wazi upande mmoja, kimepigwa mstari mwekundu. Nilikitazama. Nikakiona ni chuma cha kwato, vile vyuma vya farasi nilivyoviona Dubai.

"Usipande farasi," nikasema.

Tulicheka sana. Alifuta machozi kwa futi. "Farasi! Biryogo! Hawa watu wa India!" Akaikunja karatasi akairudisha kwenye droo, na kwa wiki nzima alimwambia kila mteja kwamba amekatazwa farasi.

Zubeda alikuwa amempigia marufuku pini za mdomoni, maana daktari alisema anaweza kupatwa na kizunguzungu akazimeza. Fundi bila pini mdomoni alikuwa mtu asiye na mkono mmoja. Aliziangusha, akazisaka sakafuni kwa magoti. Mimi, mtu wa kutatua matatizo, nikapata wazo. Katika spika ndogo za magari kuna sumaku ndogo kama kifungo cha koti lakini yenye nguvu ya kung'ang'ania nyundo. Nilichagua moja nzuri, nikaisafisha, nikamletea. Aliifurahia kama mtoto. Aliishonea mwenyewe ndani ya bitana ya kofia yake ya kazi, upande wa kulia, maana mkono wake wa pini ni wa kulia. Kuanzia siku hiyo pini zilikaa kichwani, zimening'inia juu ya sikio kama nywele za chuma. Mafundi wa mtaa walikuja kutazama. Wawili waliniomba na wao, na niliwaambia wote kwamba hilo ni wazo langu.

Haikupita muda miguu ikaanza kunata tena.

Nilisema ni uchovu. Kisha jina langu likampotea katikati ya mazungumzo, akaniita kwa jina la marehemu kaka yake. Harusi ya mjukuu wake Halima, binti wa Zubeda, ilikuwa imepangwa siku nyingi, ikaja katikati ya hali hiyo, ikapita. Baada ya harusi akalazwa hapa Kigali. Madaktari walisema mrija huwa na matatizo yake, wala si ajabu: unaweza kuziba, unaweza kuingiwa na wadudu, unaweza kukatika ndani, au kutoa maji kupita kiasi. Homa hakuwa nayo. Sikaneri ilionyesha maji yamerudi kujaa. Basi ikaelekea umeziba, na ukiziba hakuna njia, wafungue kichwa tena wabadilishe. Kwa umri wake, walituambia tujiandae kwa lolote.

Siku moja kabla ya operesheni Zubeda alinipigia simu, akiniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake. "Papa Aline, mzee anasumbua. Anasema hawezi kulala kichwa wazi mbele ya wanawake. Nimekuja na makaratasi yake yote toka kwenye cherehani, kofia nimeisahau. Upitie Biryogo uilete."

Niliileta. Nilimkuta daktari pale kitandani, binti aliyekulia Uganda, Kiswahili chake cha kuokota lakini mkono wake mpole. Alikuwa anapapasa kovu. Nilimpa Fundi kofia, naye akaivaa, akatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Daktari akainama na faili lake kutazama tena nyuma ya sikio, na kibanio cha chuma cha karatasi kikaruka kutoka kwenye faili, kikaganda kwenye kofia.

Daktari akaweka faili kitandani. Akakibandua. Akakiachia. Kikaganda tena.

"Muzehe, hii kofia iko na nini ndani?"

Fundi hakukumbuka. Alinitazama mimi. Nikasema, "Sumaku. Ya pini." Na, Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari kidogo, kwa sababu sikuwa nimeelewa.

Binti yule aliivua kofia kwa mikono miwili, akaiweka kwenye dirisha la mbali. Aliwaambia wapige picha ya koki tu, si ya kichwa chote. Akachukua ile kadi ndogo. Namba ya koki kwenye kadi na ile ambayo picha ilionyesha hazikufanana. Koki ilikuwa imejibana karibu mwisho.

"Koki ya aina hii wanaigeuza na sumaku," alituambia. "Sasa huyu amevaa sumaku juu yake kila siku. Siwezi kuapa, lakini naona ni hiyo." Akafungua ile karatasi ndefu, akaweka kidole penye mchoro. "Si wameandika hapa? Sumaku isikaribie. Na picha ya sumaku wameweka. Hamkusoma?"

"Papa hakunionyesha," Zubeda akasema, analia.

Wote wakamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama dari. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, vizuri, vya ngozi. Sikusema neno.

Kimashine cha kugeuzia kiliazimwa hospitali nyingine, kikaletwa kesho yake. Operesheni ikaahirishwa. Daktari alikiweka nyuma ya sikio, akazungusha, akasoma namba, akazungusha tena. Kazi yote haikuchukua muda wa kushona kifungo. Siku ya nne Fundi aliomba chai. Wiki ya pili alikwenda msalani kwa miguu yake, akarudi, akaulizia cherehani yake. Hakurudi Fundi mzima wa zamani. Baadhi ya vipimo vya watu vilikuwa vimekwenda moja kwa moja. Lakini alirudi.

Alikubali kuhamia Batsinda. Nilichelewa kwenda kumwona. Kila Jumapili nilikuwa na sababu, na mtu mwenye maduka matatu hakosi sababu. Nilipokwenda hatimaye ilikuwa asubuhi, Zubeda yuko kazini. Alikuwa amekaa uani penye jua, kichwa wazi, cherehani mbele yake, anapunguza sketi ya shule ya jirani.

"Bosi," akasema. "Umenenepa. Vidole vitatu."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, na mambo ya China, na mzigo mpya uliofika. Badala yake nilisema tu. Nikasema ile karatasi sikuisoma. Siwezi kusoma Kiingereza, Fundi, na Kifaransa siwezi, na hata Kiswahili nasoma kwa kusogeza midomo. Zile habari za kupumzika na kunywa maji nilizitoa kichwani mwangu. Ile picha sikuijua. Na daktari alipouliza, nilinyamaza.

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa upindo. Akakata uzi.

"Wiki ngapi?" akauliza.

"Zipi?"

"Toka kofia mpaka hospitali. Zilikuwa ngapi? Mimi sina hizo wiki. Nikitafuta, sioni kitu."

"Sita."

"Harusi ya Halima iko ndani?"

"Iko ndani. Ya nne."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha kipimo. "Zubeda ananiambia nilicheza. Halima ananiambia nilipendeza. Hata imamu ananiambia ilikuwa siku nzuri, mashallah. Wote wananisomea kama ulivyonisomea wewe." Akanigeukia. "Sasa wewe niambie ilivyokuwa. Usiongeze kitu."

Mimi kusimulia harusi bila kuongeza kitu! Spika zilikuwa zangu, nilikuwa na mengi ya kusema juu ya spika. Sikuzitaja.

Nikamwambia ukumbi ulikuwa wa chini, barabara ya Nyamirambo, una mapazia ya zambarau. Bwana harusi alivaa koti alilolikata yeye Fundi.

"Nililikata mimi? Lilikaaje?"

"Bega la kushoto lilipanda. Na mkono mmoja ulikuwa mrefu."

"Alifanya nini?"

"Aliukunja kwa ndani. Siku nzima alikunja ngumi usishuke."

"Mtoto mzuri," Fundi akasema. "Umwambie alilete. Endelea. Mimi nilikuwa wapi?"

"Kiti cha mbele. Kanzu nyeupe, lile koti la kijivu juu."

"Nilicheza?"

"Hukucheza. Ulikaa."

"Nilisema kitu?"

"Uliniuliza mara mbili ni harusi ya nani."

Alilaza kiganja juu ya meza ya cherehani. "Na nini tena? Kuna kitu tena. Naona unavyokaa."

Nilitamani Zubeda arudi kutoka kazini ghafla. "Kanzu ililoa, Fundi."

"Watu waliona?"

"Waliokaa karibu waliona."

"Halima?"

"Halima alikuwa bado hajaingia."

Aliinyoosha ile sketi mapajani. Jirani alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta, tukisikia maji.

"Nani alinibadilisha?"

Nimejisifu kwa mengi maishani, na humu nimejisifu, mtu yeyote aliyenisoma mpaka hapa anajua. Hili sikuwahi kumwambia hata mke wangu. "Mimi," nikasema. "Tuliingia stoo ya viti. Nilikuosha kwa maji ya kunywa, ya chupa. Nikakupa suruali yangu na koti ukalifunga vifungo. Mimi nikavaa kanzu yako iliyoloa, nikasimama nyuma ya spika mpaka ikakauka."

Fundi alinitazama. Alitafuta kitu mdomoni kwa ulimi, mahali palipokuwa pa pini, hakukipata.

"Suruali yako ilinitosha?"

"Ilikuwa kubwa. Uliishika kwa mkono."

"Na Halima alipoingia?"

"Ulisimama. Watu wote walikaa, wewe ulisimama, umeshika suruali kwa mkono mmoja. Alikuja moja kwa moja kwako."

Akavuta kiti chake karibu na changu, akainamisha sikio. "Pole pole hapo," akasema. "Alivaa nini?"